Boksi Lililokatwa Mashati

Umeme ulipokatika, Mzee Vumbi hakushtuka, alishazoea. Aliuvua taratibu mpira wa hewa wa puani, akauning'iniza begani, akaanza kupumua kwa hesabu zake mwenyewe. Mkewe aliendelea kukanyaga cherehani, maana cherehani yake haikumtegemea mtu wa umeme. Shida ilikuja umeme uliporudi. Ulirudi kwa kishindo. Taa ya chumbani ikawaka nyeupe mno, ikapasuka, na ile mashine ya hewa iliyosimama kando ya kitanda, yenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza na uzito wa watoto wawili, ikatoa mlio mmoja mrefu, ikanuka plastiki iliyoungua, ikanyamaza.

"Imekufa," Mzee Vumbi akasema.

"Usiseme hivyo," mkewe akasema. "Imezimia."

"Fundi wangu, mimi nimekaa na mashine maisha yangu yote. Iliyozimia haitoi harufu."

Mtaa ulimpa jina la Vumbi enzi za kiwanda cha saruji, alipokuwa akirudi nyumbani mweupe mpaka kwenye kope. Kazi yake ilikuwa kusimama mdomoni mwa kinu cha kusagia mawe. Kiwanda kilikuwa na barakoa, asikudanganye mtu. Zilikaa kabatini, zikatolewa siku za wageni, na wageni wakishaondoka msimamizi alipita na mfuko kuzikusanya, akizihesabu moja moja kama vijiko vya fedha. Mapafu yalipogoma, daktari wa kiwanda aliandika kwamba mzee ameharibiwa na sigara. Mzee Vumbi hakuwahi kushika sigara mkononi, hata ya kumwashia mwenzake.

Mashine waliletewa na binti yao wa pekee, aliyekuwa ng'ambo akifanya kazi katika nyumba ya watu: kufua, kupika, kubembeleza mtoto wa mwenzake. Aliinunua kwa kukatwa mshahara, na mpaka siku ile ilipoungua alikuwa bado anakatwa.

Fundi redio wa mtaani aliitwa. Akaizunguka mashine, akachuchumaa, akaigonga ubavuni kwa kidole.

"Mama, huu mhuri unauona? Nikiukata, waranti imekwenda na maji. Na nikishaukata, siwezi kukuahidi kwamba nitaiweza. Mimi ni mtu wa redio. Muulizeni aliyeinunua."

---

Binti alipiga simu sauti ikiwa chini, na nyuma yake maji yakimwagika.

"Mbona unanong'ona? Na hayo maji?"

"Niko chooni, mama. Bosi hataki simu saa za kazi, nimefungulia bomba asisikie. Sikiliza haraka. Nimewauliza waliotuuzia. Waranti bado ipo. Wataitengeneza bure, ila irudi huku huku, kwa meli."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja, mama. Wanasema irudi ndani ya boksi lake lile lile, na yale mapovu yake meupe ya kuikinga. Bila boksi lake, ikipata msukosuko njiani hawahusiki, na waranti hawaitambui." Maji yakaendelea kumwagika. "Mama? Boksi si lipo?"

Mama alitazama ukuta wa mbele yake, pale juu ya cherehani, penye msumari mkubwa.

"Lipo," akasema.

Na kweli lilikuwepo. Lilikuwa linaning'inia kwenye msumari. Boksi lile lilikuwa la tabaka mbili, gumu, nyoofu, halipindi kwa unyevu. Mshonaji gani angelitupa? Wiki ile ile mashine ilipofika, alilitandika sakafuni, akalichora kwa chaki, akalikata paterni za mashati ya shule: migongo, vifua, mikono, kola. Kwa miaka yote kabla ya hapo alikuwa akikatia kwenye magazeti yanayochanika. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na paterni za kudumu, za saizi zote, kama za mafundi wenye maduka ya vioo. Kwenye mkono wa saizi kubwa palibaki ile picha ya glasi, alama ya kitu kinachovunjika. Mshale wa kuonyesha upande wa juu ulikuwa umeangukia mgongoni mwa saizi ya kati.

"Umemwambia lipo," Mzee Vumbi akasema toka kitandani.

"Sasa ulitaka nimwambieje mtoto aliye chooni?"

Wakalitandaza boksi sakafuni, mke akipanga, mume akielekeza kwa kidole.

"Huo mgongo peleka kule. Siyo, ugeuze. Mshale unaelekea chini, mashine itasafiri kichwa chini miguu juu."

"Na hapa palipokuwa na shingo?"

"Hapo ziba na boksi la sabuni."

"Na kwapa?"

"Kwapa!" Mzee Vumbi akaanza kucheka. "Boksi lina kwapa!" Akacheka, cheko likageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Mkewe akamshika mgongo mpaka kilipopita. Hakuna aliyecheka tena.

Aliishona siku mbili ile kazi, kwa sindano ya kushonea viatu na uzi wa nailoni. Povu la boksi walikuwa wamezibia tundu la dari. Alipanda kwenye kiti akalibandua. Boksi liliposimama, lilisimama kweli, lina pembe nne na mfuniko, na mishono yake ilikuwa imenyooka kuliko mishono ya watu wengi wanaojiita mafundi.

---

Ofisi ya wakala wa mizigo ilikuwa na kiyoyozi, sakafu ya kuteleza na kijana wa kaunta aliyevaa tai nyekundu. Mama aliingia nyuma ya mtu wa mkokoteni, wote wawili wamelowa jasho, boksi katikati yao.

"Karibu, mama... Hee!" Kijana akainuka. "Samahani, hili ni boksi au gauni?"

"Ni boksi la mashine. Inakwenda kutengenezwa."

"Limeshonwa!" Akageuka nyuma. "Jamani, njooni muone. Kuna mama kaleta boksi lina mshono wa bega."

Wakaja. Mmoja aliushika mshono akauvuta kidogo, kama mteja anayetafuta kasoro. Mwingine alitoa simu akapiga picha, akamwomba mama asogee karibu na boksi ili naye atokee. Mama akasogea. Akatabasamu. Alicheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa na shida, na mwenye shida hana uhuru wa kununa. Waliochekwa hivyo wanajua: linalokurudia usiku si kicheko chao, ni chako.

"Haya, mama yangu," kijana akasema akifuta machozi ya kucheka, "hili hatupokei. Kontena likiyumba baharini, hiyo sindano yako haitasaidia. Lete ndani ya sanduku la mbao. Tunayo hapa, yako tayari."

Alipotajiwa bei, mama alisikia masikio yakivuma.

"Nikitengenezewa na seremala wangu, mtapokea?"

"Ni juu yako."

"Mbao za namna gani?"

"Imara tu."

Kijana yule alijua. Kila wiki alikuwa akiuza masanduku yaliyotengenezwa kwa mbao zilizookwa tanurini na kugongwa mhuri, kwa kuwa bandari za huko hazipokei mbao zisizo na mhuri kwa kuogopa wadudu. Alijua kama anavyojua kufunga tai yake. Lakini mteja aliyekataa sanduku la ofisi si mteja wa kupoteza naye mate.

---

Randa, seremala wa mtaa, alikuja na futi yake na penseli sikioni. Kazi zake zilikuwa mbili, vitanda na majeneza, na katikati stuli. Akaipima mashine urefu, akaipima upana, akaenda nyuma akaipima tena.

"Randa," Mzee Vumbi akamwita, "unanipima mimi au mashine?"

"Wewe mrefu mno, mzee. Mbao zingenishinda bei."

"Basi nikunje."

"Heshima yako iko pale pale, lakini nyamaza, nitakosea vipimo."

Sanduku lililotoka mikononi mwa Randa lilikuwa la kuwekwa sebuleni. Mbao mpya, ambazo bado zilinukia mti, zimepigwa randa mpaka unaona haya kuzigusa na mkono wenye mafuta. Hakutumia msumari hata mmoja, skurubu tupu. Malipo yake akataka ashonewe suruali, basi, na arudishiwe pesa ya mbao tu.

Likabaki la kuzuia mashine isicheze ndani. Povu la darini lilikuwa limeshamomonyoka. Mama aligeuka huku na huku chumbani akitafuta kitu laini.

"Kata godoro," mumewe akasema.

"Godoro lipi?"

"Hili. Mimi nalala nimekaa, toka lini nikanyoosha miguu? Kata kuanzia kwenye magoti."

"Siwezi kukata godoro la mgonjwa."

"Ulikata boksi hukuuliza. Leo unaambiwa, unakataa?"

Akalikata kwa mkasi wake wa kazi. Nusu ya chini ya godoro ikaenda ng'ambo, imeikumbatia mashine. Kijana wa tai nyekundu alilipokea sanduku, akaligongagonga kwa kidole kilichokunjwa, akasema, "Zuri." Akaandika, akapokea nauli, akamtakia mama siku njema.

---

Wakabaki na mtungi wa hewa wa kukodi. Mtungi haufanani na mashine. Mashine unaisahau, mtungi una saa yake ya kupima hewa usoni, na mshale wa saa ile unashuka huku unauangalia. Kila ulipokwisha, mtu wa mkokoteni aliitwa, mtungi ukapelekwa kujazwa, na wakati uko njiani Mzee Vumbi alipumua kwa kelele ya cherehani.

Jambo hili hakulifundishwa na daktari. Aligundua mwenyewe kwamba mkewe akikanyaga polepole, sindano ikipanda na kushuka bila haraka, kifua chake nacho kinafuata.

"Kanyaga," angesema. Na mama angekanyaga, kitambaa kipo au hakipo.

Vitambaa navyo vilipungua. Paterni zilikuwa zimeshonwa kuwa boksi, na boksi alipolifumua, paterni za mikono zilikuwa zimetobolewa na sindano ya viatu mpaka zimelegea. Akarudi kwenye magazeti. Kola za mashati ya shule zikatoka moja ndefu moja fupi, na mwalimu mkuu akayarudisha yote kwa mkono wa mlinzi, bila hata salamu.

Kisha binti akapiga. Safari hii hakunong'ona, na nyuma yake hapakuwa na maji.

"Mama, sanduku limezuiwa bandarini."

"Limevunjika?"

"Hapana, liko zima kabisa. Ni mbao. Hazina mhuri. Wanasema zinaweza kuwa na wadudu, haziingii nchini kwao."

"Wadudu gani? Randa kazipiga randa mpaka zinang'aa!"

"Mama, hawaangalii kung'aa. Sanduku watalichoma moto, na godoro. Mashine itatolewa, inunuliwe boksi jipya, ndiyo iende kwa mafundi. Gharama yote ni yangu. Na lazima niende mwenyewe kutia sahihi. Bosi kanikatalia. Kasema nisubiri Jumapili, na Jumapili wao wamefunga."

"Mwambie bosi ni baba yako."

"Nimemwambia. Kaniuliza, sasa mtoto akae na nani?"

Mzee Vumbi alikuwa amesikia. Chumba kilikuwa kimoja, mtu angejificha wapi? Mama alipoweka simu chini, alimwona amefumba macho, lakini midomo inachezacheza.

"Unasemaje?"

"Nasema usimwambie Randa."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba wamelichoma. Usimwambie."

Jioni ile Randa alipita kuchukua suruali yake. Akaijaribu juu ya suruali aliyovaa, akazunguka, akaridhika. "Sanduku langu limefika salama?"

"Limefika," mama akasema. "Wamelisifu."

"Enhe!" Randa akajipiga paja. "Nilijua. Watu wa huko wanajua kazi."

---

Ilikuwa mchana, jua limesimama, watoto wanarudi shule. Mtungi ulikuwa umekwenda kujazwa na mtu wa mkokoteni alichelewa. Gurudumu lilikuwa limepasuka, na hilo wala si kosa lake. Mzee Vumbi alikuwa amekaa kwenye nusu godoro lake, mgongo ukutani.

"Kanyaga, Fundi wangu."

Mama akakanyaga.

"Polepole."

Akapunguza.

"Ile kola," mzee akasema, akavuta hewa, "ile kola ya mwalimu mkuu. Umwambie shingo yake ndiyo imepinda."

"Nitamwambia. Nyamaza sasa, usipoteze hewa."

Akanyamaza. Mama aliendelea kukanyaga, macho kwenye sindano, kwa sababu alijua akimtazama atakosea mwendo. Sindano ikapanda, ikashuka. Alisikia pumzi, kisha akasikia pumzi iliyochelewa. Akapunguza mwendo ili imfikie. Haikumfikia. Akapunguza zaidi. Kisha hakuthubutu kusimama, kwa kuwa akisimama ingekuwa kweli.

Mteja mmoja aliyekuja kufuata zipu ndiye aliyesimama mlangoni akashangaa.

"Fundi, mbona unashona bila kitambaa?"

Mama hakugeuka. "Mtazame," akasema, miguu ikiendelea. "Mimi siwezi. Nitazamie wewe."

---

Jeneza lilitengenezwa na Randa. Alikesha nalo, na asubuhi alipolileta alipitisha kiganja juu ya mfuniko, akamwambia mjane kwa sauti ya chini, "Nimelipiga randa kama lile la mashine, mama. Sikulipunguzia hata kidogo."

"Lile walilisifu," mama akasema, na hapo ndipo alipolia.

Mashine ilirudi msiba ukiwa umeshaanza kuzoeleka. Hatimaye binti alikuwa amepata siku ya kwenda kutia sahihi, na mafundi wakaitengeneza; alipopata habari za msiba alijaribu kuizuia, ikawa imeshapakiwa melini. Mama aliitwa na ofisi ya wakala. Hakwenda peke yake. Msibani walikuwa wamekuja watu wa kinu, wazee wanne waliosimama mdomoni mwa mashine ile ile ya mawe na mumewe, na waliposikia habari wakasema tutakusindikiza, shemeji.

Juu ya kaunta palikuwa na boksi jipya, gumu, nyoofu, lina glasi yake na mishale yake yote inayoelekea juu. Kijana alikuwa amevaa tai ya bluu.

"Karibu, mama. Kuna ada ya ghala. Mzigo umekaa kwetu, hamkuja."

"Nilikuwa nazika."

"Pole sana. Lakini ada ni ada."

Mama alilitazama boksi. "Mwanangu, habari za mhuri wa mbao ulikuwa unazijua?"

"Mama, hukuniuliza."

"Nilikuuliza. Nilisema mbao za namna gani. Ukasema imara tu."

Kijana akaanza kunyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka tayari. Hakuwa mtu mbaya, watu watasema. Sawa. Yule msimamizi aliyekuwa akikusanya barakoa naye alikuwa na watoto wazuri, na wake kwa waume walimsifu kwa upole.

Wazee wanne hawakugombana na mtu. Walikaa kwenye viti vya wateja, vile laini, na kiyoyozi kikawapuliza vifuani. Akaanza mmoja kukohoa. Akafuata wa pili. Kile si kikohozi cha mafua. Kinatoka chini, kinakokota kitu ambacho hakitoki. Wakakohoa wote wanne, wamejishika magoti. Wateja wakajiziba pua kwa vitambaa, wakahama viti. Mama mmoja mwenye mtoto akatoka nje kabisa. Mkubwa wa ofisi akafungua mlango wake wa kioo.

"Hawa wana nini?"

"Saruji," akajibu mzee wa mwisho, yule waliyemwita Ngazi kwa urefu wake. "Tunasubiri boksi."

Ada ya ghala ikafutwa. Mkubwa aliwataka tu watoke haraka.

---

Mashine haikurudi chumbani kwa mama. Ilikwenda moja kwa moja kwa Ngazi, kwa sababu siku hizo midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Mama mwenyewe aliichomeka, akamvisha mpira wa puani, akaurekebisha nyuma ya masikio kama alivyozoea kumfanyia mwingine. Mashine ikavuma. Ngazi akafumba macho, mabega yakashuka.

Mke wa Ngazi alikuwa akilipapasa boksi pembeni, akilibonyeza kwa dole gumba.

"Shemeji, boksi gumu hili! Litanifaa kuwekea nguo za wajukuu."

"Usiliguse."

Lilitoka kwa ukali, na yule mama akarudisha mkono. Mjane akainama, akaanza kuyarudisha mapovu ndani ya boksi, moja baada ya jingine, kila moja mahali pake, akafunga mfuniko.

"Nisamehe, dada. Nguo za wajukuu nitakushonea mfuko. Boksi likae hivi hivi, juu ya kabati, mvua isilifikie. Mtoto asilichoree, mtu asilikalie."

"Mpaka lini?"

Ngazi akafumbua macho. Akahesabu kwa vidole vyake virefu wale watatu waliobaki kibarazani, ambao kukohoa kwao kulikuwa kukisikika mpaka ndani.

"Mpaka niwapishe wenzangu," akasema. "Liwekeni vizuri."